Vijiko vya fedha vya babu, na jinsi ninavyovitumia kila siku

Nyumbani kwetu Mwanga, hapa Kigoma mjini, uji wa asubuhi tunakunywa kwa vijiko vya fedha. Wageni wakisikia hivyo hudhani tuna hela. Hatuna. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi wa Mwingereza mmoja enzi za mkoloni, na yule bwana alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia kisanduku cha mbao chenye vijiko vikubwa sita, uma sita, visu sita vya mezani na vijiko vya chai kumi na viwili. Siku hizi vya chai ni kumi na kimoja. Nitaeleza.

Babu hakuvitumia hata siku moja. Alivifunga sita sita kwa mipira ya tyubu ya baiskeli, akavizungushia gazeti, akavifunika kwa kipande cha blanketi la sufi, kisanduku kikaenda chini ya kitanda. Bibi akakiacha hapohapo. Mama akakipandisha juu ya kabati. Kilipofika kwangu nikafungua na kukuta vyuma vyeusi kama vimetolewa kwenye nyumba iliyoungua. Nilikaribia kuviuza kwa wale wanaopita na mkokoteni wakinunua vyuma chakavu.

Fedha haishiki kutu kama chuma. Adui yake ni salfa. Hewani imo kidogo kidogo, lakini kwenye mpira, sufi na karatasi ya gazeti imo zaidi, na ikikutana na fedha inazaa utando: kwanza wa njano kama chai ya rangi iliyopoa, halafu wa kahawia, mwisho mweusi tii. Babu, kwa mapenzi yake yote, aliwakusanya maadui watatu akawafungia chumba kimoja na vijiko vyake kwa miongo kadhaa. Mpaka leo viwili vina mstari shingoni pale mpira ulipobana, kama mtoto aliyevalishwa hirizi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ningekuwa mvivu ningeishia hapa: vitumie. Kijiko kinachoingia mdomoni, kikaoshwa na kufutwa kila siku, utando haupati nafasi ya kujijenga juu yake. Vijiko vyangu vya uji sijavipaka dawa yoyote ya kung'arisha kwa miaka. Vile nilivyokuwa naviweka akiba kwa ajili ya Krismasi ndivyo vilivyokuwa vinanitesa kila Desemba.

Lakini kwanza jua ulichonacho. Geuza kijiko utazame mgongo wa mpini. Vyangu vina vialama vidogo kuliko punje ya mchele: simba anayetembea, nanga, herufi ya mwaka, na herufi mbili za jina la fundi. Ile nanga ilinidanganya sana. Hapa kwetu ukitaja meli kila mtu anaiwaza Liemba, basi nikawa nawasimulia watoto kwamba vijiko hivi vilikuwa vya nahodha. Kumbe nanga ni alama ya Birmingham, mji usio na bahari wala ziwa, uliopewa ofisi yake ya kupima fedha mwaka 1773. Anayetoa ushahidi ni simba: akiwepo, ni fedha halali ya Kiingereza, maana yake katika kila sehemu 1000, sehemu 925 ni fedha yenyewe na zilizobaki kwa kawaida ni shaba nyekundu. Shaba inawekwa kwa sababu fedha tupu ni laini mno, uma ungepinda kwenye kiazi. Vya nchi nyingine utakuta vimepigwa namba 925 tu, na vya Marekani vimeandikwa STERLING. Vya Mjerumani mara nyingi huandikwa 800, fedha pungufu kidogo, lakini ni fedha.

Ukikuta herufi EPNS, hicho ni kijiko cha madini mengine kilichopakwa fedha juu. Si kibaya, ila usikisugue sana kwa sababu ngozi yake ni nyembamba na ikiisha imeisha. Sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu nayo inasaidia: kijiko kikinasa, si fedha. Kisiponasa, bado hujajua kitu, maana hata shaba hainasi.

Sasa kuosha. Mimi naosha vya fedha kabla ya vyombo vingine vyote, kwenye beseni la plastiki, maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji matone mawili matatu, kitambaa laini. Sivirundiki pamoja na masufuria, kwa sababu vinakwaruzwa. Sivilazi ndani ya maji usiku kucha. Tukimaliza kula naviosha, au kama umeme umekatika na nimechoka, angalau navisuuza na kuvifuta, sabuni itakuja asubuhi. Mawese yakiwa yameganda kwenye meno ya uma, maji ya uvuguvugu yanatosha kuyaachisha, usichukue kisu ukakwangua.

Stilwaya, hapana. Majivu, hapana. Mchanga ndiyo kabisa. Huku kwetu sufuria husuguliwa kwa mchanga wa ziwani mpaka ujione uso, na msichana aliyekuja kunisaidia kazi mwaka mmoja alikuwa hodari wa mambo hayo. Siku moja akaniletea kijiko kimoja kikubwa anakinyanyua juu kama kombe. "Mama, hiki kilikataa, lakini nimekisugua mpaka kimekubali." Kiling'aa kweli. Ila ukikiinamisha karibu na dirisha, mwanga ukipita ubavuni, unaona mikwaruzo imekatizana kila upande kama njia za siafu, na simba wa mgongoni amebaki na miguu miwili. Sikumgombeza, kwa sababu mimi ndiye sikumwambia. Tangu hapo kila anayeingia jikoni kwangu namwonyesha kijiko hicho kwanza, kisha ndiyo namwonyesha sinki.

Jiki pia ikae mbali. Inang'arisha shuka, lakini kijiko cha fedha inakifanya cheusi.

Kukausha kunazidi kuosha kwa umuhimu. Usiviache vijikaushe kwenye kichanja, maji yakikauka yenyewe yanaacha madoa. Vifute vikiwa bado na joto la maji, kwa kanga kuukuu ya pamba iliyofuliwa mpaka ikalainika. Kanga mpya bado ina ugumu wa dukani, haifai. Futa kwa kwenda na urefu wa mpini, usizungushe. Mimi nafanya hivyo nikiwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni, nasikiliza taarifa ya habari ya saa mbili, na kazi inaisha kabla ya michezo.

Mtu ataniuliza: ninyi si mnakula ugali? Tunakula, na ugali ni wa mkono, kwa migebuka au dagaa, hapo fedha haina kazi. Vijiko vinafanya kazi kwenye uji, wali, maharage, mchuzi, papai na asali ya Tabora tukiletewa. Uma ni wa ndizi na viazi. Kisu ni cha mkate na parachichi. Kwa chai kuna jambo la kuzingatia: hakuna madini yanayopitisha joto kuliko fedha. Kijiko kikikaa ndani ya kikombe cha chai ya moto, baada ya muda mfupi mpini nao unachoma. Watoto wadogo wape cha plastiki, au koroga utoe.

Vyakula vitatu vinahitaji haraka. Mayai yana salfa. Kijiko kilichokula yai la kuchemsha na kuachwa hadi jioni kitakuwa na doa la kahawia lenye umbo la ulimi. Kachumbari ina kitunguu, ndimu na chumvi kwa pamoja, kwa hiyo usiache kijiko ndani ya bakuli kimelala. Na chumvi peke yake ndiyo mbaya kuliko yote. Mayai yanaacha doa, doa linatoka, chumvi inakula. Kuna mwaka nilichomeka kijiko cha chai ndani ya kopo la chumvi ya Uvinza, nikaona ni kazi nzuri kwake. Likizo ikafika, tukaenda Kasulu wiki mbili, mvua zimeanza, hewa imejaa unyevu, chumvi ikalowana. Niliporudi kijiko kilikuwa na ukijani na weusi mpaka nusu ya kina chake. Nilipokisafisha vikabaki vishimo, ukipitisha ukucha unavihisi, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Vishimo hivyo havitoki kwa dawa yoyote. Chumvi ikae na kijiko cha mti.

Heri yetu ni kwamba Tanganyika ni ziwa la maji baridi. Ndugu zangu wa Dar es Salaam na Unguja wana upepo wa bahari wenye chumvi, wao wana mtihani mkubwa zaidi. Sisi tunasumbuliwa na unyevu wa masika tu.

Haya, vimeshakuwa vyeusi, ufanyeje? Kama ni njano kidogo, nunua dawa ya krimu iliyotengenezwa kwa ajili ya fedha, uagize Dar kama hapa hakuna, paka kidogo kwa kitambaa chenye maji, sugua taratibu kwa urefu, suuza sana, kausha. Isiwe ile ya kung'arishia shaba wanayopakia vifungo vya sare, ni kali. Dawa ya meno ambayo kila mtu atakushauri nayo ina chengachenga zinazokwaruza. Na kumbuka kila ukisugua unaondoa fedha kidogo, kwa hiyo si kazi ya kila Jumamosi.

Kama ni vyeusi tii kama vya babu, kuna njia ambayo jikoni kwetu tayari tuna nusu ya vifaa vyake. Wenzetu wa mbali hutandika karatasi ya foili kwenye bakuli. Sisi masufuria yetu mengi ni ya alumini, na alumini ndiyo inayotakiwa. Chukua sufuria kuukuu usiyopikia tena, isugue ndani mpaka chuma kionekane. Chemsha maji lita moja, epua, tia vijiko vitatu vya bekingi soda polepole kwa sababu yatafura. Kisha laza vijiko vyako ndani, kila kimoja kiguse sufuria, kisibebwe na mwenzake. Fungua dirisha.

Mara ya kwanza nilifanya na kijiko kimoja cha chai, kwa woga. Kwa nusu dakika hakikutokea kitu. Halafu vipovu vidogo vikaanza kupanda kutoka kilipogusa sufuria, ikaja harufu ya yai viza, mwanangu akatoka nje akilalamika, na mimi nimeinama palepale naangalia. Weusi haukubanduka kama magamba. Ulififia: ukawa kahawia, ukawa rangi ya mchuzi wa nazi wenye manjano, na ghafla nikaona ua lililochongwa kwenye mpini. Sikujua kama vina maua. Mama yangu naye, aliyekaa navyo miaka yote, hakujua.

Kilichotokea ni kwamba salfa imeiacha fedha na kuhamia kwenye alumini. Fedha yako haijapungua, ndiyo faida ya njia hii kuliko kusugua. Dakika tatu hadi tano zinatosha. Vikiwa bado vyeusi badilisha maji urudie. Chini ya sufuria patakuwa peusi, si tatizo. Toa kwa koleo la mbao, suuza, kausha, na utaona weupe wenyewe ni mfu, hauna uhai, mpaka uufute kwa kanga dakika kadhaa. Sufuria ya stenlesi haifanyi kazi hii, hapo tandika foili.

Usifanye hivyo kila mwezi. Kwenye mipini yenye nakshi, weusi kidogo unaobaki ndani ya michongo ndio unaofanya maua yaonekane, na soda inaufagia wote. Mimi nilifanya mara moja kwa seti nzima, mwanzoni. Kinachong'arisha tangu siku hiyo ni kula. Vijiko vikitumika miaka vinapata mikwaruzo midogo sana isiyo na idadi, nayo inaungana kuwa mng'ao laini wa kijivu, tofauti na ule wa kioo wa dukani. Mimi naupenda zaidi. Ili vyote vizeeke pamoja, vilivyooshwa leo naviweka nyuma ya droo, na kesho nachukua vya mbele.

Visu vina sheria yao. Usivitie kabisa kwenye ile sufuria, wala kwenye maji ya moto sana. Bapa la kisu cha mezani mara nyingi ni chuma, si fedha. Fedha ni mpini tu, nao una uwazi ndani uliojazwa gundi kama lami inayoshikilia bapa. Gundi hiyo ikipata moto inalegea. Nilijifunza siku tumemwalika padri. Nilikuwa nimevilowesha visu kwenye maji ya moto sana ili viwe safi kabisa. Padri akachukua kisu, akakata mkate, mkono ukarudi na mpini na bapa likabaki limesimama kwenye mkate. Alicheka mpaka akavua miwani. Visu unaviosha kimoja kimoja, ukiwa umeshika mpini, maji yapite kwenye bapa, unafuta papo hapo.

Kuhifadhi: droo yenye kitambaa cha pamba, vijiko na vijiko, uma na uma, maana meno ya uma yanakwaruza matumbo ya vijiko. Hakuna mpira, hakuna sweta kuukuu, hakuna gazeti. Wala usivibane kwenye nailoni vikiwa na unyevu. Vile vifuko vidogo vyenye punje zinazofyonza maji, vinavyokuja ndani ya boksi la viatu, usitupe. Weka viwili ndani ya droo masika yakianza.

Jambo jingine, kama unaishi mji kama huu usilipite. Wifi yangu ni mtu wa Ujiji, Mwislamu. Alipokuja mara ya kwanza nikampa pilau na kijiko kikubwa cha fedha, najiona nimemheshimu. Akakigeuza, akakiweka pembeni taratibu, akaniambia, "Wifi, mimi nipe kile cha kawaida." Ndipo akanieleza kwamba Mtume amekataza kula na kunywa kwenye vyombo vya dhahabu na fedha. Aliona haya kuliko mimi. Basi kwangu kuna seti ya stenlesi nzuri, si ile ya kubahatisha, na wageni Waislamu wakija ndiyo inayotandikwa kwa wote mezani, hata kwangu mimi. Usitandike ya aina mbili, mtu ajione ametengwa.

Uma ukipinda jino, usinyooshe kwa koleo la fundi baiskeli. Peleka kwa sonara, lakini mwambie kwa kinywa, mbele ya shahidi, asipitishe mashine mgongoni. Sonara mmoja, sitamtaja, alininyooshea jino vizuri sana kisha akanifanyia hisani nisiyoomba: akaung'arisha uma wote kwa mashine, simba na nanga wakafutika. Sasa ni fedha kwa maneno yangu tu.

Na kile cha chai cha kumi na mbili. Kwa muda tulikuwa na mazoea ya kumwaga maji ya kuoshea vyombo kwenye shimo la mgomba nyuma ya nyumba, beseni zima, bila kuangalia. Jioni moja nikahesabu, kumi na kimoja. Nikahesabu tena. Tulichimba na mwanangu mpaka giza likaingia, tukapata kofia ya soda, betri na kijiko cha bati kisicho cha kwetu. Siku hizi nahesabu kabla ya kumwaga, na mwanangu akipalilia migomba ile anapalilia kwa mkono, jembe analiacha ukutani.